Kalenda ya Ukutani Si ya Mama Peke Yake

Msomaji mpendwa, leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wanandoa wengi hulinong'oneza tu, tena taa ikiwa imezimwa. Jambo lenyewe ni kupanga uzazi kwa njia ya asili, ile ambayo Kanisa Katoliki huwafundisha wachumba kabla hawajafunga ndoa. Hata kama wewe si Mkatoliki, usiufunge ukurasa huu bado. Watu wa kila dini wanaishi katika nyumba za vyumba viwili, wanalipa kodi na karo, na wanajiuliza mtoto mwingine aje lini.

Kwa kawaida mazungumzo haya hugeuka ubishi upesi. Huyu atasema njia hiyo ni ya watu wa kale, haifai kitu, na ndiyo iliyomletea shangazi yake watoto tisa. Yule atasema ni njia safi isiyo na dawa, na anayeipinga hana imani. Wote wawili husahau kumwuliza swali mtu aliyeketi pale sebuleni akitazama mpira. Mtu huyo ni baba wa nyumba.

Ninalotaka kusema leo ni hili: njia ya asili haikuwekwa kwa ajili ya mke peke yake. Ikiachwa mikononi mwake peke yake haitafaulu, na lawama itamwangukia yeye. Tena mume anayeikubali kwa mdomo mchana, kisha akaivunja usiku, hawezi kujificha nyuma ya Kanisa. Mafundisho yenyewe hayampi ruhusa hiyo.

Tuanze na mwili, kwa maana hapo ndipo uvumi ulipojaa. Yai la mwanamke likishapevuka na kutoka, huishi kwa muda usiozidi saa 24 hivi. Mbegu za mwanamume nazo zaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Ukijumlisha utaona kwamba katika kila mzunguko wa hedhi kuna siku kama 6 tu ambazo tendo la ndoa laweza kuleta mimba: siku 5 kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe linapotoka. Ugumu ni kuzijua siku hizo kabla hazijafika.

Wengi wameambiwa kwamba yai hutoka siku ya 14. Hilo huwa kweli kwa baadhi ya wanawake na kwa baadhi ya miezi tu. Lililo karibu na ukweli ni kwamba yai hutoka yapata majuma mawili kabla ya hedhi inayofuata. Basi mwenye mzunguko wa siku 28 huenda yai lake likatoka siku ya 14, lakini mwenye mzunguko wa siku 35 huenda likatoka siku ya 21. Anayehesabu siku za jirani yake badala ya zake mwenyewe asishangae matokeo.

Katika miaka ya 1920 madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa upande wake, waliligundua jambo hilo. Hapo ndipo ilipotoka hesabu ya kalenda. Mwanamke huandika urefu wa mizunguko yake kwa muda wa miezi 6 au zaidi. Huchukua mzunguko mfupi kuliko yote akatoa 18, na huo ndio mwanzo wa siku za kujihadhari. Huchukua mzunguko mrefu kuliko yote akatoa 11, na huo ndio mwisho wake. Kama mfupi ni siku 26 na mrefu ni siku 32, basi atajihadhari kuanzia siku ya 8 hadi siku ya 21. Hizo ni siku 14. Nani aliyesema ni njia rahisi?

Baadaye zilikuja njia nyingine ambazo hazitegemei hesabu ya miezi iliyopita. Mnamo 1953 daktari John Billings wa Melbourne, Australia, alianza kuchunguza ute unaotoka kwenye mlango wa kizazi, na baadaye mkewe Evelyn, naye daktari, akaungana naye katika kazi hiyo. Baada ya hedhi mwanamke huweza kuwa na siku kavu. Kisha ute huanza kuonekana, mzito kwanza, halafu mwepesi, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Siku ya mwisho ya ute huo wa kuteleza huitwa siku ya kilele. Wanandoa wasiotaka mimba hujizuia tangu ute wowote unapoonekana, hadi siku 3 kamili ziishe baada ya kilele. Hata zile siku kavu za mwanzo zina masharti yake, na ndiyo maana wanaotaka kuifuata njia hii hufundishwa na mwalimu, wala hawajifunzi kwa kusimuliwa kituoni wakingoja matatu.

Iko pia njia ya joto. Mwanamke hujipima kila asubuhi kabla hajainuka kitandani. Yai likishatoka, joto la mwili hupanda kidogo, kama nukta 2 za selisiasi au zaidi, na kubaki juu. Wanaounganisha ute na joto pamoja ndio wanaopata matokeo mazuri zaidi. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka wa 2007 uliwafuatilia wanawake 900 waliofundishwa vizuri. Kati ya wale waliojizuia kabisa siku za hatari, waliopata mimba hawakufika hata 1 kati ya 100 kwa mwaka. Walipohesabiwa wote pamoja, waliofuata na waliokiuka, ilikuwa chini kidogo ya 2 kati ya 100.

Lakini nisikudanganye, msomaji. Huko ni kwa waliofundishwa na kufuata. Katika maisha ya kawaida ya watu, kwa njia za asili za kila namna zikiwekwa pamoja, wanaopata mimba bila kupanga ni kati ya 2 na 23 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Mbona pengo kubwa hivyo? Sehemu moja yatokana na njia yenyewe iliyotumiwa, maana hazilingani. Sehemu nyingine ni mafunzo ya haraka haraka. Na sehemu ambayo haiandikwi sana kwenye vitabu ni ile ya mume na mke kutokuwa na neno moja.

Chukua mfano. Ni Ijumaa, mwisho wa mwezi. Mume amepokea mshahara, amepita mahali na wenzake, na anabisha mlango saa sita za usiku. Mke anamwambia kwa upole, "Baba watoto, leo ni siku ya kumi na tatu." Mume anajibu, "Mimi sikuoa kalenda." Wengine huongeza yale maneno ya mahari, na wengine hutisha kwamba wakinyimwa nyumbani watatafuta nje. Usiku unapita. Miezi miwili baadaye mke anaamka na kichefuchefu, na mume yule yule anauliza mbele ya mama mkwe, "Si wewe uliyesema unajua kuhesabu?"

Nani aliyehesabu vibaya hapo? Mama alijua siku yake, na aliisema kwa sauti. Kilichovunjika ni mapatano.

Sasa tulitazame Kanisa linasema nini hasa, kwa sababu akina baba wengi wamelisikia nusu. Mwaka 1967 Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Julai 1968, Papa Paulo wa Sita alitoa waraka uitwao Humanae Vitae. Kabla ya hapo tume iliyoundwa kuchunguza jambo hili ilikuwa imegawanyika, na wengi wa wajumbe walipendekeza mafundisho yalegezwe. Papa hakukubali. Alifundisha kwamba tendo la ndoa lina maana mbili zisizofaa kutenganishwa na binadamu: kuwaunganisha mume na mke, na kuwa wazi kwa uhai. Kwa sababu hiyo alikataza vidonge, mipira na kila njia ya kuzuia mimba kwa makusudi.

Hiyo ndiyo nusu inayojulikana. Nusu ya pili ni kwamba waraka huo huo haukuwaamuru watu wazae bila mpango. Ulizungumza juu ya wazazi wenye kuwajibika, wanaopima afya, uchumi, hali ya nyumba na ya jamii, kisha wakaamua ama kupokea watoto wengi kwa ukarimu, ama kwa sababu nzito kuahirisha mwingine kwa muda, au hata kwa muda usio na kikomo. Tayari mwaka wa 1951 Papa Pio wa Kumi na Mbili alikuwa amewaambia wakunga wa Italia kwamba wanandoa wenye sababu nzito wanaweza kutumia siku zisizo na rutuba. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1965 kwamba uamuzi wa idadi ya watoto ni wa wanandoa wenyewe, mbele ya Mungu. Si wa mama mkwe, wala si wa wazee wa ukoo wanaotaka jina la babu lirudi.

Lipo jambo jingine ndani ya Humanae Vitae ambalo natamani kila mume alisome. Papa aliandika kwamba tendo la ndoa analolazimishwa mwenzi, bila kujali hali yake wala matakwa yake ya haki, si tendo la upendo, na linakwenda kinyume cha maadili. Tena alieleza hofu yake kwamba mwanamume akizoea njia za kuzuia mimba anaweza kuacha kumheshimu mke, asijali mwili wake wala moyo wake, akamfanya chombo cha kujifurahisha. Soma vizuri. Hofu ile ilimhusu mwanamume. Basi mume anayemkataza mkewe vidonge kwa jina la dini, kisha akamlazimisha siku ya 13, ameuvunja waraka ule ule anaoushika mkononi.

Mtume Paulo naye, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anawaasa mume na mke wasinyimane isipokuwa kwa kupatana, na kwa muda. Wengi hukumbuka neno la kunyimana wakaruka neno la kupatana. Kupatana ni kazi ya watu wawili.

Ndipo nikasema kwamba njia hii inamdai mume kuliko njia nyingine yoyote. Kidonge anameza mama. Sindano anadungwa mama. Hapa mwanamume anatakiwa ajue mwili wa mkewe ukoje wiki hii, na ajitawale. Gharama yake kwa fedha ni daftari, kalamu, na pengine kipimajoto. Gharama yake nyingine haiuzwi dukani.

Kwa wale wanaofikiria kuijaribu, haya ni ya kuzingatia.

Kwanza, tafuteni mwalimu aliyefunzwa, nanyi mwende wote wawili. Ulizeni parokiani au katika kliniki. Mjifunze na kuandika kwa mizunguko kadhaa kabla ya kuitegemea. Mume awe ndiye anayeandika kwenye daftari kila jioni yale ambayo mke amemwambia. Anayeandika kwa mkono wake hawezi kusema hakuambiwa.

Pili, semeni wazi kwa nini mnaahirisha na hadi lini. "Hadi huyu mdogo aanze shule" ni jibu linaloeleweka. Kila mwezi lirudieni swali hilo, maana hali hubadilika. Na siku mkitaka mtoto, daftari hilo hilo litawaonyesha siku za kumtafuta.

Tatu, jueni yanayovuruga dalili. Malaria au homa yoyote hupandisha joto. Mama muuguzi au mlinzi anayefanya kazi za usiku atapata shida na kipimajoto. Maambukizi ya ukeni hubadilisha ute. Aliyeacha sindano ya kupanga uzazi anaweza kukaa miezi mingi kabla mzunguko haujatulia. Mama anayekaribia kukoma hedhi naye dalili zake huyumba. Hawa wote wanahitaji mwalimu au daktari wa karibu, wala wasijitegemee kwa kubahatisha.

Nne, kunyonyesha husaidia, lakini kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto awe hajatimiza miezi 6, hedhi iwe haijarudi, na mtoto awe ananyonya tu mchana na usiku bila uji wala maziwa mengine. Wataalamu walikubaliana juu ya masharti hayo huko Bellagio, Italia, mwaka 1988. Yakitimizwa yote, wanaopata mimba ni chini ya 2 kati ya 100. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo usiitegemee tena. Mama wa mjini anayerudi kazini mtoto akiwa na miezi 3, akamwachia yaya chupa, asijidanganye.

Tano, njia ya asili haizuii Ukimwi wala ugonjwa mwingine wa zinaa. Mafundisho ya Kanisa yanategemea mume na mke waaminifu. Kama mmoja wenu ana virusi, au kuna wasiwasi wa mambo ya nje, nendeni mkapimwe na kuzungumza na daktari bila kuficha neno.

Na sita, ambalo naomba lisirukwe. Mama ambaye daktari amemwambia kwamba mimba nyingine yaweza kumwua, au anayeishi na mume mlevi asiyesikia, asijifungie na siri hiyo. Amweleze daktari ukweli wote. Kama ni mwumini, amweleze na padri, naye padri huyo amwite mume. Njia inayohitaji watu wawili haiwezi kumlinda mmoja anayepigana peke yake. Najua pia wapo Wakatoliki wengi ambao, baada ya kufikiri na kusali, hutumia njia nyingine. Ukurasa huu si mahakama ya kuwahukumu.

Kwenu wanafunzi, nina neno fupi. Shuleni na vyuoni yanavuma maneno ya "siku salama". Kanisa halikuiweka njia hii kwa ajili ya wasiooana, kwa kuwa linafundisha kwamba tendo hili ni la ndoa. Na hata ukiyaweka mafundisho kando, sayansi haikupi siku hiyo unayoambiwa. Mizunguko ya wasichana wengi bado haijatulia, na msafara, ugonjwa au wasiwasi wa mitihani waweza kuchelewesha yai. Mvulana anayekuambia leo ni siku salama, mwulize ameijuaje.

Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hapa Kenya tumeliona hilo wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 hivi maishani mwake. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha 3.4. Familia zimekuwa ndogo, kwa njia mbalimbali. Lakini udogo wa familia hauonyeshi kama mume na mke walizungumza. Mtu anaweza kuwa na watoto wawili tu, na mkewe akawa amebeba mzigo wote wa kupanga akiwa peke yake miaka 15, akificha vidonge ndani ya kopo la unga.

Kwa hiyo, baba unayesoma haya, gazeti likiwa bado mkononi, jaribu jambo moja usiku wa leo watoto wakishalala. Mwulize mama watoto, "Leo ni siku ya ngapi?" Pengine atashtuka. Pengine atacheka, adhani unatania. Mngoje ajibu, kisha tafuta kalamu uiandike wewe.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia juma lenye amani nyumbani.